Kizuizi cha Kumbukumbu katika Kompyuta zenye Prosesa Nyingi

1. Utangulizi

Mtu anayeandika programu ya kompyuta huamini kwamba amri zake zitatekelezwa kwa mfuatano ule ule aliouandika: ya kwanza kwanza, ya pili baadaye. Imani hiyo ina haki yake maadamu programu inaendeshwa na prosesa moja tu. Lakini katika kompyuta yenye prosesa mbili au zaidi zinazotumia kumbukumbu moja, imani hiyo haina tena msingi. Prosesa ya pili huweza kuyaona matendo ya ile ya kwanza kwa mfuatano mwingine kabisa, na hapo programu iliyo sahihi machoni pa msomaji hutoa majibu ya uongo bila ya onyo lolote.

Makala haya yana shabaha ya kueleza jambo hilo pamoja na chombo kilichobuniwa ili kulidhibiti, yaani kizuizi cha kumbukumbu. Tutaonyesha kwanza kwa nini mfuatano hubadilika. Pili, kizuizi hufanya nini na hakifanyi nini. Tatu, jinsi jamii mbalimbali za prosesa zinavyotofautiana. Na mwisho, namna ya kuandika programu moja itakayokuwa salama katika jamii zote. Hoja yetu kuu ni hii: kizuizi ni nusu ya mapatano kati ya pande mbili, na mwandishi anayeacha kuyaandika mapatano hayo kwa sababu mashine yake inayatimiza yenyewe amejenga juu ya mchanga.

Suala hili linawahusu pia walimu na wanafunzi wetu. Zamani kompyuta zenye prosesa nyingi zilikuwa mali ya maabara makubwa. Leo hata simu ya mfukoni ina prosesa yenye viini kadhaa, na kila kiini, kwa mintarafu ya makala haya, ni sawa na prosesa kamili. Tena simu hizo karibu zote ni za jamii ya ARM, hali kompyuta nyingi za mezani ni za jamii ya x86. Mwanafunzi anayetunga programu kwenye kompyuta ya chuo na kuihamishia kwenye simu amevuka mpaka kati ya jamii mbili zenye desturi tofauti, hata kama mwenyewe hakujua.

2. Kwa nini mfuatano hubadilika

Wanaobadilisha mfuatano ni watatu, na kila mmoja ana sababu yake njema.

Wa kwanza ni kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine. Kompaila huruhusiwa kuzisogeza amri, kuziunganisha, na hata kuzifuta, iwapo tokeo halitabadilika kwa yule anayeitazama programu hiyo peke yake. Haiulizi kama kuna mtazamaji mwingine.

Wa pili ni prosesa yenyewe. Kusoma kutoka katika kumbukumbu kuu huchukua muda mrefu sana ukilinganisha na kujumlisha namba mbili. Prosesa isiyotaka kukaa bure huanza kutekeleza amri zinazofuata ambazo hazitegemei jibu linalosubiriwa.

Wa tatu ni njia iliyopo kati ya prosesa na kumbukumbu. Prosesa inapoandika, maandishi hayaendi moja kwa moja hadi mwisho wa safari. Huwekwa kwanza katika bafa ya uandishi, mfano wa sanduku la barua zinazosubiri kupelekwa. Mwenye sanduku huweza kuzisoma barua zake mwenyewe. Wengine hawazioni mpaka zitoke. Baada ya bafa kuna kache, kumbukumbu ndogo na ya haraka iliyo karibu na kila prosesa.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja potofu. Watu wengi hudhani kwamba tatizo ni kache kubaki na habari zilizopitwa na wakati, na kwamba kizuizi kazi yake ni kuzisukuma habari hizo hadi kwenye kumbukumbu kuu. Sivyo. Katika kompyuta za kawaida mashine yenyewe huhakikisha kwamba kache zote zinapatana kuhusu kila mahali pamoja pa kumbukumbu: kama pahali hapo pameandikwa 1 kisha 2, hakuna prosesa itakayoona 2 kisha 1. Kisichohakikishwa ni mfuatano kati ya mahali pawili tofauti. Tatizo letu lote limo katika tofauti hiyo.

Mnamo 1979 mtaalamu wa Marekani, Leslie Lamport, alitoa kipimo ambacho bado kinatumika. Alisema kompyuta yenye prosesa nyingi hufuata utaratibu kamili iwapo tokeo la kila programu ni sawa na lile ambalo lingepatikana kama amri za prosesa zote zingepangwa katika mstari mmoja, na za kila prosesa zikabaki katika mfuatano wa programu yake. Prosesa karibu zote zinazouzwa leo hazitimizi sharti hilo zikiachwa zenyewe, kwa kuwa kulitimiza daima kungepunguza mwendo wake.

3. Mfano wa barua na bendera

Tuchukue vigeu viwili, *barua* na *bendera*, ambavyo vyote vina thamani 0 mwanzoni. Prosesa A inataka kuikabidhi prosesa B habari fulani. Inaandika habari, kisha inapandisha bendera ili B ijue kwamba habari iko tayari.

Prosesa A:
  barua = 57
  bendera = 1

Prosesa B:
  ngoja hadi bendera iwe 1
  soma barua

Msomaji yeyote atasema kwamba B lazima isome 57. Hata hivyo B huweza kusoma 0, na kwa njia mbili. Huenda uandishi wa *bendera* ulitoka katika prosesa A kabla ya uandishi wa *barua*. Au pengine A ilifuata mfuatano barabara, lakini B, kwa haraka yake, iliisoma *barua* mapema kabla ya kuhakikisha kwamba bendera imepanda.

Tuweke salio la akaunti mahali pa 57, au kipimo cha dawa, na uzito wa jambo utaonekana. Habari ya zamani itapokewa kana kwamba ni mpya. Programu haitasimama wala haitalalamika. Kosa litatokea labda mara moja katika mamilioni ya mizunguko, na mchunguzi atakapoirudia programu polepole ili alitafute, litakuwa limetoweka, kwa maana huo upole wenyewe umebadilisha mwendo wa prosesa.

4. Kizuizi ni nini

Kizuizi cha kumbukumbu ni amri inayoiambia prosesa: matendo ya kumbukumbu yaliyo kabla yangu yaonekane kuwa yametendeka kabla ya yale yaliyo baada yangu. Kwa kuwa matendo ni ya aina mbili, kusoma na kuandika, mifuatano inayoweza kulindwa ni minne: kusoma kabla ya kusoma, kusoma kabla ya kuandika, kuandika kabla ya kuandika, na kuandika kabla ya kusoma. Kizuizi kamili hulinda yote minne. Vizuizi vyepesi hulinda baadhi tu, na gharama yake ni ndogo zaidi.

Katika mfano wetu, A inahitaji kizuizi kati ya maandishi yake mawili, na B inahitaji kizuizi kati ya masomo yake mawili. Ieleweke vema kwamba kimoja bila kingine hakifai kitu. A ikipanga maandishi yake kwa uangalifu lakini B ikasoma ovyo, kosa linabaki pale pale. Na kinyume chake ni vivyo hivyo. Ndiyo maana tumesema kwamba kizuizi ni nusu ya mapatano. Mtu akionyeshwa kizuizi katika programu, swali lake la kwanza liwe: mwenzake yuko wapi?

Tuseme neno pia kuhusu istilahi. Katika Kiswahili cha Kongo jina *bariere*, lililotoka katika Kifaransa, ni la kila siku. Ni kizuizi cha njiani. Na mjini Goma vituo viwili vya kuvukia kuelekea Gisenyi huitwa Petite Barrière na Grande Barrière. Wataalamu wanaoandika kwa Kifaransa hulitumia neno hilo hilo kwa dhana yetu. Sitiari hiyo yafaa kwa upande mmoja: aliye nyuma hawezi kumpita aliye mbele pasipo ruhusa. Kwa upande mwingine inapotosha. Bariere ya njiani humsimamisha kila apitaye, hali kizuizi cha kumbukumbu hakizisimamishi prosesa nyingine hata kidogo. Huzipanga safari za prosesa ile tu iliyokitekeleza. Wala hakiharakishi barua kufika. Huhakikisha tu kwamba ya pili haifiki kabla ya ya kwanza.

Waandishi wa Kiingereza hutumia majina mawili, moja lenye maana ya kizuizi na jingine lenye maana ya ua unaozunguka nyumba. Kwa Kiswahili hili la pili halitufai, maana *ua* ni uzio, tena ni kitu kinachochanua bustanini, tena ni kitenzi cha kutoa uhai. Tumeshika *kizuizi cha kumbukumbu*, mradi msomaji akumbuke kwamba kinachozuiwa ni kupitana.

5. Desturi za jamii mbalimbali za prosesa

Kila jamii ya prosesa ina sheria zake kuhusu mifuatano ile minne. Tutazitaja kuanzia zile kali hadi zile legevu.

Jamii ya x86, ya makampuni Intel na AMD, ni miongoni mwa zile kali. Katika matumizi ya kawaida hulinda mifuatano mitatu yenyewe, na kuruhusu mmoja tu uvunjwe: uandishi uliotangulia huweza kuchelewa katika bafa wakati usomaji wa mahali pengine umekwisha kufanyika. Mfano wetu wa barua na bendera hapa hufanya kazi bila amri yoyote ya kizuizi, iwapo tu kompaila imezuiwa isivuruge mfuatano. Amri ya kizuizi kamili ni MFENCE, iliyokuja na Pentium 4 mnamo 2000. Amri za kubadilisha kumbukumbu zenye kiambishi LOCK nazo hufanya kazi hiyo.

Jamii ya SPARC, ya kampuni ya Sun, ilieleza sheria zake kwa viwango. Kiwango cha TSO kinakaribiana sana na tabia ya x86. Toleo la 9 liliongeza kiwango legevu kiitwacho RMO, pamoja na amri MEMBAR ambayo mwandishi huitajia waziwazi ni mifuatano ipi kati ya minne anayotaka ilindwe.

Jamii za PowerPC na ARM ni legevu. Mifuatano yote minne huweza kuvunjwa pale ambapo amri moja haitegemei nyingine. PowerPC ina *sync*, iliyo kizuizi kamili, na *lwsync*, nyepesi zaidi, isiyolinda mfuatano wa kuandika kabla ya kusoma. ARM ina DMB, yenye namna za kulinda maandishi peke yake au masomo kwa yanayoyafuata. Toleo la ARMv8, lililotangazwa mwaka 2011, lilileta amri LDAR na STLR, ambazo huunganisha usomaji au uandishi na ulinzi wake katika amri moja.

Legevu kupita zote ilikuwa Alpha, iliyotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1992. Katika jamii nyingine, prosesa ikisoma anwani kisha ikaifuata anwani hiyo ili isome kilichomo, masomo hayo mawili hayapitani, kwani la pili linalitegemea la kwanza. Katika Alpha hata utegemezi huo haukutosha. Prosesa iliweza kuipata anwani mpya na kukuta ndani yake habari za zamani, kwa kuwa kache iliyogawanywa sehemu mbili iliweza kupokea mabadiliko ya sehemu moja kabla ya ile nyingine. Aliyetaka usalama alilazimika kuweka amri MB hata hapo.

Mwishowe kuna RISC-V, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mnamo 2010. Amri yake ya FENCE hutaja makundi mawili: matendo gani ya nyuma yalindwe, na dhidi ya matendo gani ya mbele.

Kwamba desturi hizi si jambo dogo, kulidhihirika mwaka 2020 kampuni ya Apple ilipoanza kuuza kompyuta za Mac zenye prosesa M1 ya jamii ya ARM. Ili programu za zamani za x86 ziendelee kutumika, zilifasiriwa amri kwa amri. Lakini tafsiri ya amri peke yake haikutosha, kwa sababu programu hizo zilikuwa zikitegemea ukali wa x86 bila kuutaja. Apple iliipa prosesa hiyo hali maalumu ya kufuata mfuatano wa TSO wakati wa kuendesha programu zilizofasiriwa. Mfasiri yeyote wa lugha atalitambua jambo hilo: yale ambayo matini haisemi, kwa kuwa wenyeji wote wanayajua, ndiyo yanayopotea kwanza.

6. Pale ambapo hata x86 haitoshi

Isidhaniwe kwamba anayetumia x86 peke yake yu salama. Tuchukue mfano wa pili, uliotokana na kazi ya Mholanzi Dekker ambayo Dijkstra aliieleza mwaka 1965. Prosesa mbili zinataka kuingia katika chumba kimoja, na haifai ziingie pamoja. Kila moja hutangaza nia yake, kisha hutazama kama mwenzake ametangaza.

Prosesa A:
  nia_A = 1
  kama nia_B ni 0, ingia

Prosesa B:
  nia_B = 1
  kama nia_A ni 0, ingia

Vigeu vyote viwili vilikuwa 0. Tangazo la A laweza kuwa bado limo katika bafa yake wakati A inaposoma *nia_B* na kupata 0. B nayo hufanya vivyo hivyo. Zote mbili huingia. Huu ndio mfuatano wa nne, wa kuandika kabla ya kusoma, ambao x86 haiulindi. Dawa yake ni kizuizi kamili kati ya kuandika na kusoma, katika pande zote mbili. Hakuna kizuizi chepesi kitakachotosha hapa.

7. Kuandika programu moja kwa majukwaa yote

Je, mwandishi akariri amri za kila jamii? La. Njia iliyothibitika ni kusema maana, na kuiachia tabaka ya chini ichague amri.

Kiini cha Linux kilitangulia kwa njia hiyo. Mwandishi huandika smp_mb() kwa kizuizi kamili, smp_wmb() kwa maandishi, na smp_rmb() kwa masomo. Katika x86 hivi viwili vya mwisho havizai amri yoyote ya mashine, bali humzuia kompaila tu. Katika ARM ya biti 64 hugeuka kuwa namna za DMB. Kiini kikitayarishwa kwa mashine yenye prosesa moja, vyote vitatu hubaki kuwa onyo kwa kompaila, na hapana gharama inayolipwa bure.

Kwa programu za kawaida, ahadi hizo zimo sasa katika lugha zenyewe. Mwaka 2005 Hans Boehm alionyesha kwamba nyuzi za utekelezaji haziwezi kuwa salama zikiongezwa kama maktaba tu juu ya lugha isiyozitambua, kwa kuwa kompaila ya lugha hiyo haina habari nazo. Java ilikwisha kurekebisha sheria zake katika toleo la 5 mnamo 2004. C na C++ zikafuata mwaka 2011. Katika C, mfano wetu wa kwanza huandikwa hivi:

Prosesa A:
  barua = 57;
  atomic_store_explicit(&bendera, 1, memory_order_release);

Prosesa B:
  while (atomic_load_explicit(&bendera, memory_order_acquire) != 1);
  n = barua;

Namna ya kwanza tunaweza kuiita *kuachilia*: yote niliyoyafanya kabla ya uandishi huu yaonekane pamoja nao. Ya pili ni *kutwaa*: yote nitakayoyafanya baada ya usomaji huu yasitangulie. Kompaila huzaa amri za kawaida katika x86, STLR na LDAR katika ARMv8, *lwsync* mbele ya uandishi katika PowerPC, na FENCE katika RISC-V. Matini ni moja, nayo ni sahihi kotekote.

Kuna neno moja la kujihadhari nalo, maana ni pacha wa uongo. *Volatile* katika Java huleta ulinzi wa mfuatano kati ya nyuzi. *Volatile* katika C hauleti. Humzuia kompaila asifute wala kuunganisha masomo na maandishi ya kigeu hicho, basi. Programu nyingi za C zilizoandikwa kwa kulichanganya neno hilo zimefanya kazi kwenye x86 kwa bahati tu.

Kwa mwanafunzi tungependekeza utaratibu ufuatao. Kwanza, atumie kufuli ya kawaida, kwani kila kufuli iliyoundwa vema ina kutwaa na kuachilia ndani yake. Pili, kama kufuli haifai, atumie vigeu visivyogawanyika vya lugha yake kwa sheria iliyo kali kuliko zote, ambayo ndiyo C na C++ huifuata mwandishi asipotaja nyingine. Tatu, alegeze sheria hiyo pale tu ambapo kipimo kimeonyesha haja, na kando ya kila kizuizi aandike jina la mwenzake. Nne, ajaribu programu kwenye mashine legevu, huku akijua kwamba jaribio huweza kufichua kosa lakini haliwezi kuthibitisha kwamba halipo. Kwa uthibitisho kuna vyombo kama herd7, cha Jade Alglave na Luc Maranget, ambacho hupokea programu fupi mfano wa hizi zetu mbili na kuorodhesha matokeo yote yanayoruhusiwa na sheria za jamii fulani.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mfuatano ulioandikwa na mfuatano unaoonekana ni vitu viwili. Kwamba kizuizi huviunganisha pale tu ambapo pande zote mbili zimekiweka. Na kwamba jamii za prosesa hutofautiana katika yale zinazotenda bila kuambiwa. Kutokana na hayo, programu iliyofanya kazi miaka kumi kwenye mashine moja haijathibitishwa kuwa sahihi. Imethibitishwa tu kwamba mashine hiyo iliivumilia. Mashine ikibadilishwa, na mashine hubadilishwa daima, uvumilivu huo hauhamishwi pamoja na programu. Yaliyoandikwa waziwazi katika lugha ya programu ndiyo yatakayohama.